HESABU ZA VIUMBE HAI

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wanafunzi wenzangu, sisi wa Kidato cha Nne tutaachana njia karibuni. Wapendao hesabu watashika njia yao, na wapendao bayolojia yao. Na wengi katika hawa wa pili hufurahi, wakidhani wameagana na hesabu kabisa. Nataka kuwaonyesha ya kwamba iko elimu inayozitaka zote mbili. Jina lake ni biomatematika, yaani hesabu za viumbe hai.

Natuchukue mfano wa malaria. Ronald Ross alikuwa daktari wa Kiingereza aliyefanya kazi Bara Hindi. Mwaka 1897, mjini Secunderabad, aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Lakini wengi walitia shaka: mbu wote wa nchi nzima watauawaje? Ross alishika kalamu akapiga hesabu. Katika taarifa yake juu ya kisiwa cha Mauritius ya mwaka 1908, na tena katika kitabu chake cha mwaka 1911, alieleza ya kwamba si lazima kuwamaliza mbu wote. Wakipunguzwa chini ya kiasi fulani, malaria itakwisha.

Tuone kwa hesabu ndogo. Tuseme kila mgonjwa, kwa njia ya mbu, huambukiza watu 3. Wagonjwa wapya watakuwa 3, kisha 9, 27, 81. Sasa wanakijiji wafukie madimbwi na kulala ndani ya vyandarua, hata kila mgonjwa aambukize watu 2 tu. Ugonjwa bado unakua: 2, 4, 8, 16. Asiyejua hesabu atasema kazi ni bure, aache. Lakini wakikaza mwendo hata kila wagonjwa 2 waambukize mtu 1, basi wagonjwa 80 watafuatwa na 40, kisha 20, 10, 5. Mbu wangalipo, lakini ugonjwa unakufa. Mpaka ni 1: juu yake maradhi huenea, chini yake hufifia. Hesabu za namna hii ndizo zilizotumika hata katika ugonjwa wa korona ulipoenea duniani mwaka 2020.

Chuo Kikuu mwanafunzi wa elimu hii husoma bayolojia, takwimu, kompyuta, na zile hesabu zinazopima jinsi vitu vinavyobadilika kwa wakati. Si lazima atafute shahada yenye jina hili. Wengi huanza na shahada ya hesabu, takwimu au bayolojia, kisha huziunganisha katika masomo ya juu.

Kazi zake ni nyingi. Katika afya, wataalamu hawa hukadiria chanjo ngapi zitatosha kuzuia surua, na dawa inywewe kila baada ya saa ngapi. Katika kilimo, hupima kama mbegu mpya kweli inazidi ya zamani, au ni bahati ya mvua tu. Katika uvuvi, hukadiria samaki wangapi wavuliwe bila kumaliza ziwa. Huko Serengeti nyumbu ni zaidi ya milioni moja, wala hawezi mtu kuwahesabu mmoja mmoja: ndege hupita juu, picha hupigwa sehemu chache, na hesabu hutoa jumla. Wengine huwa walimu, na hao tunawahitaji sana.

Wazazi wetu, msidhani ya kwamba mtoto apendaye viumbe hana kazi ila udaktari. Na ninyi wenzangu mnaokimbia hesabu, kumbukeni: daktari mmoja hutibu mgonjwa aliye mbele yake, lakini hesabu iliyo sahihi huweza kuwakinga wengi wasiugue kamwe. Basi, tusifunge daftari la hesabu mapema.