Ng'ombe wa Lushoto ashushwe Mombo?

Swali: Mfugaji anayeishi Mombo ana ng'ombe wawili wa maziwa, chotara wa Friesian, wanaotunzwa na ndugu yake Lushoto. Kila wiki hupanda mlima kilomita 33 kwenda kuwaona. Sasa amepata banda la kukodi jirani na kwake. Je, awashushe?

Jibu: Ukaribu una faida kubwa. Mwenye mali akiwepo, hugundua mapema ng'ombe aliyesusa majani au anayehitaji kupandishwa. Lakini barabara hiyo inateremka karibu mita 1,000, na huko chini mazingira ni mengine kabisa.

Hatari ya kwanza ni kupe. Ng'ombe aliyekulia bandani milimani, akikatiwa majani, huenda hana kinga ya ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, na akichelewa kutibiwa hufa. Chanjo ipo, apewe wiki kadhaa kabla ya safari.

Kisha joto. Likizidi nyuzi 25 hivi, Friesian huanza kutaabika: hula kidogo, maziwa hupungua.

Malisho nayo yapimwe. Lushoto, matete na guatemala hupandwa kwenye kingo za matuta; Mombo, kiangazi hukausha nyasi.

Kwa hiyo, banda lisilo na kivuli, maji ya uhakika na shamba la majani alikatae. Akivipata vyote, awahamishe Juni au Julai, kukiwa na baridi, baada ya kupata kibali cha kusafirisha mifugo kwa afisa mifugo.