Choreni Kabla ya Kubomoa

Ugomvi mwingi wa ukarabati huzuka ukuta ukiwa umeshabomolewa: mama alitaka jiko pana, baba alifikiria sebule. Pimeni vyumba pamoja kwa tepu, kisha mchore kwa kompyuta. Programu ya Sweet Home 3D hailipiwi, na ukishaiweka inafanya kazi bila intaneti. Juu unachora kuta, chini unaiona nyumba yenyewe pamoja na vitanda na meza. Zile za kulipia kila mwezi ziacheni. Fedha hizo zinunue saruji. Mimi na mke wangu tuligundua kwenye mchoro kwamba mlango ungegonga kitanda cha watoto. Tulicheka badala ya kununiana. Lakini programu haijui ukuta upi umebeba paa. Hilo mwulizeni fundi mwenye ujuzi.