Kunyoa kwa wembe wa kukunja
Anayeanza kutumia wembe wa kukunja na aanzie mashavuni, palipo tambarare. Kidevu na shingo vingoje mkono uzoee. Kwanza pitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia. Osha uso kwa maji ya vuguvugu, paka povu la sabuni, kisha vuta ngozi ikazike. Laza wembe kiasi cha nyuzi 30, unyoe kufuata ndevu zinakoelekea. Ukinyoa kinyume, ndevu za kipilipili hujipinda zikarudi ngozini, na vipele huota. Vikitunga usaha, mwone daktari.

Wembe wako usimwazime mtu, hata ndugu yako. Virusi vya hepatitisi B huweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata pasipoonekana damu.