Somo la Wiki: Kupunguza Pombe, Kuacha Pombe, na Kufanya Hivyo kwa Usalama

Maandiko ya kusoma kabla ya kikundi: Mithali 23:29–35, 1 Wakorintho 6:19–20, Wagalatia 6:2

Lengo la somo: kila mmoja ajue anakunywa kiasi gani, faida za kupunguza au kuacha, na wakati gani kuacha ghafla ni hatari.



Sisi wa huduma ya afya tunaandika somo hili kwa wanaokunywa kidogo, wanaokunywa sana, na wale wasioonja kabisa lakini wanaishi na mtu anayekunywa. Tunaomba lisisomwe kwa kunyoosheana vidole. Katika ushirika wetu wako wanaosema Mkristo asiguse kileo, na wako wanaosema kiasi hakina neno. Mjadala huo tunauacha kwa wachungaji. Sisi tutazungumzia mwili, nyumba na usalama.

1. Tunakunywa kiasi gani hasa?

Kule tulikotoka pombe ilikuwa na siku yake na watu wake. Mbege ilinywewa penye sherehe au matanga, na mzee alikuwepo wa kusema inatosha. Huku Uingereza chupa iko supamaketi siku zote, na mzee hayupo. Mtu anatoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee, watoto wako shule, anafunga pazia na kunywa peke yake ili apate usingizi. Hakuna anayemwona amelewa, kwa hiyo hata mwenyewe hahesabu.

Hapa pombe hupimwa kwa yuniti. Yuniti moja ni mililita 10 za kileo halisi. Tangu 2016 ushauri wa madaktari wakuu wa serikali ni kwamba mwanamume au mwanamke asizidishe yuniti 14 kwa wiki, tena zigawanywe katika siku tatu au zaidi. Mjamzito ashauriwa asinywe kabisa. Sasa tuhesabu:

- Kopo la bia la mililita 440, asilimia 5: yuniti 2.2
- Chupa ya mvinyo ya mililita 750, asilimia 12: yuniti 9
- Chupa ya wiski ya mililita 700, asilimia 40: yuniti 28

Anayekunywa makopo manne Ijumaa na manne Jumamosi amefikisha karibu yuniti 18, na bado anajiita mnywaji wa wikendi. Chupa moja ya wiski ni kiwango cha wiki mbili.

2. Faida za kupunguza au kuacha

Usingizi. Wengi husema pombe inawalaza. Ni kweli inakuwahisha kulala, lakini baada ya saa chache mwili ukianza kuisafisha, usingizi hukatika. Unaamka saa 9 usiku, moyo unakwenda mbio, koo limekauka. Aliyezoea kunywa kila siku huenda akalala vibaya siku za kwanza anapoacha. Avumilie, maana usingizi wenyewe hurudi.

Shinikizo la damu, uzito na sukari. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa 2018 uliwafuatilia watu waliozoea kunywa, wakaacha kwa mwezi mmoja. Uzito ulipungua, shinikizo la damu likashuka, na insulini ikafanya kazi vizuri zaidi. Kwetu sisi, ambao presha na kisukari vimezijaa familia zetu, hilo si jambo dogo.

Ini. Mafuta yaliyojaa kwenye ini kwa sababu ya pombe yanaweza kuondoka ndani ya wiki au miezi michache mtu akiacha. Ini likishakuwa na makovu mengi halirudi lilivyokuwa, lakini hata hapo kuacha kunaongeza maisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Saratani. Tangu 1988 pombe imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya visababishi vya uhakika vya saratani. Inahusika na saratani ya mdomo, koo, zoloto, umio, ini, utumbo mpana na titi. Akina mama, hiyo ya titi huongezeka hata kwa unywaji mdogo.

Fedha na kazi. Chupa tatu za mvinyo kwa wiki, kila moja pauni 7, ni pauni 1,092 kwa mwaka. Hiyo ni ada ya mtoto wa ndugu kule nyumbani, au sehemu kubwa ya nauli ya kwenda kumzika mzazi. Tena wengi wetu tunaendesha gari alfajiri kwenda kazini. Ini husafisha takriban yuniti moja kwa saa, na kahawa au kuoga hakuharakishi. Aliyemaliza yuniti 10 saa 6 usiku, saa 12 asubuhi bado ana pombe mwilini. Hukumu ya kuendesha ukiwa umelewa inakunyang'anya leseni, na inaweza kugusa kazi yako ya kuhudumia wagonjwa na ombi lako la uraia.

3. Namna ya kupunguza, kwa asiye mtumwa wa pombe

- Andika kila unachokunywa kwa wiki mbili, bila kujidanganya.
- Chagua siku ambazo hutakunywa kabisa, umwambie mwenzi wako ni zipi.
- Usiweke akiba nyumbani. Kilichopo kabatini huita.
- Kula kwanza, na anza na maji. Kiu ya shifti ndefu inataka maji.
- Kwenye send-off na ubatizo, shika glasi yako ya tangawizi mapema ili usijazwe nyingine.
- Ukitoka shifti ya usiku, weka pazia zito, zima simu, usinywe chai ya rangi saa za mwisho za kazi.

4. Wakati kuacha ghafla ni hatari

Hapa tunaomba kila kiongozi wa kikundi asome mara mbili.

Mtu anayekunywa sana kila siku, anayeamka na mikono inayotetemeka, anayelazimika kuzimua asubuhi ili akae sawa, mwili wake umezoea pombe. Huyo akimwaga chupa zote Jumapili baada ya maombezi, Jumatatu anaweza kutokwa jasho na kutetemeka, Jumanne akapata degedege, na siku ya pili au ya tatu akaanza kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo. Watu wa kwetu huita arosto, na wengine hudhani ni pepo. Ni mwili uliokatiwa pombe ghafla, na mtu anaweza kufa.

Kwa hiyo mtu wa namna hiyo asifungiwe chumbani, wala asiwekwe kwenye mfungo wa kavu. Aendelee na kiasi chake kwa muda huo mfupi, bila kuongeza, hadi aonane na daktari ampangie namna ya kuacha. Zipo dawa za kutuliza ambazo hupunguzwa hatua kwa hatua kwa siku kadhaa, zipo za kupunguza hamu baadaye, na hupewa vitamini B1 kuulinda ubongo. Akipata degedege, akichanganyikiwa, au akitapika damu, piga 999 papo hapo. Maombi yaendelee ndani ya ambulansi.

Kujiandikisha kwa GP ni bure, na hapa England hutakiwi kuonyesha karatasi za uhamiaji. GP atakuelekeza kwenye huduma ya pombe ya eneo lenu, nayo ni bure. Unayomweleza hayafikishwi kanisani.

5. Biblia na mnywaji

Soma tena Mithali 23. Mwandishi anamchora mtu mwenye macho mekundu na majeraha asiyojua ameyapata wapi, anayeyumba kama aliyelala juu ya mlingoti. Mstari wa mwisho ndio unaotugusa sisi wauguzi: mtu huyo anazinduka na neno lake la kwanza ni kutafuta tena. Huo ni utumwa, na mtumwa hakombolewi kwa kuaibishwa.

Wengine hutaja ushauri wa Paulo kwa Timotheo kuhusu mvinyo kidogo. Ulikuwa ushauri kwa mgonjwa wa tumbo, enzi ambazo dawa zilikuwa chache. Leo mwenye vidonda vya tumbo tunamwambia aepuke pombe.

Aibu ndiyo inayotufanya tuseme baba fulani "amechoka na kazi" hadi siku anapolazwa. Wagalatia 6:2 inatutaka tubebeane mizigo. Kumbeba ndugu ni kumsindikiza kwa GP, kukaa na watoto wake siku ya miadi, na kutomtangaza. Akianguka tena baada ya mwezi, ambao huwapata wengi, aanze upya bila kuhesabiwa.

Maswali ya kikundi

1. Ni nini katika maisha ya huku kinachotusukuma kunywa peke yetu?
2. Katika sherehe zetu, asiyekunywa anaheshimiwaje? Anayejaribu kuacha je?
3. Tungejuaje kwamba ndugu anahitaji daktari kabla ya kuacha?

Kazi ya wiki: hesabu yuniti zako za siku saba. Ukivuka 14, anza na siku tatu bila pombe wiki ijayo. Ukiona dalili za sehemu ya 4, usianze peke yako. Piga simu kwa GP Jumatatu asubuhi, au utuone baada ya ibada. Tutakwenda nawe.

Tuombe: kwa wanaokunywa kwa siri, kwa wake, waume na watoto wanaonyamaza, na kwa kanisa lijifunze kupokea. Amina.