Shangazi, mnunuzi anataka hata surutia

*Shangazi, mimi ni katibu wa chama cha akina mama watunga shanga huku Kajiado. Mnunuzi wa Nairobi ametuletea oda ya mikufu 400, kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Anatoa shilingi 350 kwa mkufu. Anataka pia surutia, pambo letu la shaba, na ametuachia karatasi tutie sahihi kwamba mitindo tutakayomtengenezea ni mali yake. Wenzangu wa rika langu wanataka tukubali, maana ukame umetumalizia ng'ombe. Mama mkwe wangu amesema tukiuza surutia, hataketi nasi tena. Nifanyeje?*
– Katibu, Kajiado

Katibu mwanangu, karatasi hiyo msiitie sahihi. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo gumu kulirudisha nyuma. Bei mbaya mnaweza kuikataa oda ijayo. Lakini mkishaandika kwamba mitindo ni mali yake, kesho atawatolea karatasi hiyo hiyo kuwazuia msimuuzie mwingine mkufu ambao bibi zenu waliutunga kabla yeye hajazaliwa. Isitoshe, chama kimoja hakiwezi kugawa kilicho cha Wamaasai wote.

Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inamtaka anayetumia vitu hivyo kibiashara apate kwanza idhini ya jamii yenyewe, na kaunti zimepewa kazi ya kuviandikisha. Ichukueni karatasi hiyo mwende nayo ofisi ya utamaduni ya kaunti. Siwaahidi kwamba sheria itawapigania mkiwa mmelala. Ila mnunuzi akijua kwamba mnaijua, maneno yake hubadilika. Louis Vuitton waliweka mitindo ya shuka za Kimaasai kwenye nguo zao za wanaume za mwaka 2012, na Wamaasai wakalalamika. Miaka michache baadaye kampuni ya Uingereza, Koy Clothing, ilikubali kuwalipa Wamaasai kwa kutumia mitindo yao. Kwa hiyo akikwambia hakuna anayelipia utamaduni, usimwamini.

Sasa mama mkwe. Hapa ndipo naona umeshikwa, na nakusihi usimchukulie kama kizuizi cha biashara. Surutia ni shaba ya mwanamke aliyeolewa, na kijana huivaa akiwa jandoni. Mama huyo hakatai hela. Anauliza nani aliwapa ruhusa, na swali lake ni la haki. Kosa la chama ni kungoja mnunuzi aje ndipo mbishane kipi kinauzwa, naye amesimama mlangoni ana pesa mkononi na nyumbani kuna njaa. Hakuna anayeamua vizuri katika hali hiyo.

Usilipeleke jambo hili mkutanoni kwanza. Nenda kwake jioni, na sukari na majani ya chai, ukae. Mwombe akutajie moja moja: hiki ni cha ndoa, hiki ni cha jando, hiki ni pambo tu, hata mgeni avae. Utashangaa orodha ya vinavyouzika ilivyo ndefu. Wazee wetu hawakuogopa kipya. Shanga za kioo mnazotunga leo nyingi zinatoka Cheki, na kabla ya kioo cha Wazungu watu walitunga mbegu na mifupa. Mshipi wa shanga, ndala, mfuko wa simu, yote hayo yanaweza kubeba rangi zenu bila kugusa surutia. Kisha ndipo umwombe aje mwenyewe aitaje orodha hiyo mbele ya chama, kwa sababu ikitoka kinywani mwake wenzako wataisikia kuliko ikitoka kwako.

Bei nayo imeniuma. Mbali na niliyoyachapisha hapo juu, umeniandikia kwamba shanga, uzi na waya wa mkufu mmoja ni shilingi 180, na kwamba mkufu unamaliza siku moja na nusu. Kwenye 350 mama anabaki na 170, bado nauli ya kufuata shanga Nairobi. Kibarua cha kupalilia kinamlipa zaidi, na jioni macho yake hayaumi. Kaeni na mweka hazina, muandike gharama, muda wa kazi, na kidogo cha mfuko wa chama, ndipo mtaje bei. Msione aibu kuitaja kwanza.

Baadaye, mkishapata nguvu, fikirieni alama yenu ya biashara, kama wasukaji wa vikapu wa Taita walivyoisajili yao. Hiyo ni kazi ya mwaka ujao, si ya wiki hii.

Wiki hii mpigie mnunuzi simu, wewe na mwenyekiti mkiwa pamoja, spika ikiwa imefunguliwa. Mwambieni mikufu mtamtungia kwa bei yenu mpya, nusu ya malipo ije kwa M-Pesa ya chama kabla ya kununua shanga, na mzigo utoke mikufu mia mia badala ya 400 kwa mpigo. Surutia haimo. Karatasi mnaandika ninyi, na inasema amenunua mikufu tu. Akikata simu, mikufu yenu iende Maasai Market, mkaiuze wenyewe.