Imani na Nguvu ya Tabia

Wazee wetu walisema, "Tabia haina dawa." Maana yake ni kwamba mtu akishakuwa na tabia fulani, huwezi kuibadili. Mlevi atabaki mlevi, na mwenye hasira atakufa na hasira zake. Je, neno hili ni kweli siku zote? Katika somo la leo tutalichunguza kwa kusoma habari za mtu mmoja aliyeishi zamani kidogo, mwalimu na padri wa Kanglikana, Apolo Kivebulaya. Lakini kwanza tuwaeleze jambo lililotufanya tuandike somo hili.

Jambo lililotokea darasani kwetu

Darasa letu la kisomo lina kikundi cha kuweka na kukopa. Mtunza fedha alikuwa mama mmoja mtu mzima, Mkristo, anayeheshimiwa sana kijijini. Siku moja tulihesabu fedha mbele ya wanakikundi wote. Daftari lilisema shilingi 86,000. Sandukuni zilikuwamo shilingi 68,000. Zilipungua shilingi 18,000.

Hakuna aliyemwita mwizi. Lakini watu walinyamaza, wakatazamana, na wengine wakaguna. Sisi walimu tulilikagua daftari siku ile ile na hatukuona kosa lolote. Tukamwuliza yule mama mbele za watu, "Sasa mama, hizi zimekwenda wapi?" Mama hakujibu. Alifunga kitambaa chake vizuri, akaenda zake. Tangu siku ile hakuja tena darasani.

Baada ya miezi miwili tukalinganisha daftari na stakabadhi za zamani, moja baada ya moja. Kumbe! Mwandishi alipoanza ukurasa mpya alinakili vibaya. Badala ya kuandika 68,000 aliandika 86,000. Tarakimu mbili zilibadilishana nafasi, basi. Hakuna senti iliyopotea. (Wanaotunza hesabu wakumbuke: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, tazama kwanza kama tarakimu mbili hazikubadilishana nafasi. 18,000 gawanya kwa 9 ni 2,000 kamili.)

Tulikwenda nyumbani kwa mama kuomba radhi. Tulimwamkia, tukaeleza kosa letu. Akatusikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Wanangu, nimewasamehe. Lakini kurudi pale, kukaa na watu wale walionitazama vile, nitawezaje?"

Hatukuwa na jibu. Tulipokuwa njiani kurudi ndipo tukamkumbuka Apolo, maana yeye naye alisingiziwa, na yeye naye alitakiwa kuchagua kama atarudi au hatarudi.

Apolo alikuwa nani?

Apolo alikuwa Mganda. Alizaliwa katika Buganda, Uganda, katika karne ya 19, kwenye miaka ya 1860. Alipokuwa kijana hakuwa mtu wa kupigiwa mfano hata kidogo. Alikuwa askari katika vita vilivyokuwa vikiendelea Buganda siku zile. Alivuta bangi na kunywa pombe.

Baadaye alianza kusikiliza mafundisho ya Kikristo na kujifunza kusoma. Hapa kuna jambo la kutufurahisha sisi wa elimu ya watu wazima. Katika Buganda ya siku zile, Wakristo waliitwa kwa neno lenye maana ya "wasomaji". Mtu aliyetaka kubatizwa katika kanisa lile alitakiwa kujua kusoma kwanza. Kwa hiyo watu wazima wengi, wanaume kwa wanawake, walikaa chini na karatasi za herufi kama tulivyokaa sisi. Apolo alikuwa mmoja wao.

Alibatizwa mwaka 1895. Akachagua jina la Apolo, jina la mwalimu hodari anayetajwa katika kitabu cha Matendo ya Mitume. Jina la Kivebulaya, maana yake "kitu kilichotoka Ulaya", alipewa na watu kwa sababu ya vazi la Kizungu alilopenda kuvaa.

Safari ya kwenda Boga

Kanisa lilimtuma Apolo magharibi, kwenye nchi ya Toro. Mwaka 1896 akavuka mto Semliki, ng'ambo ya milima ya Ruwenzori, akafika Boga. Si boga la kupika, ndugu msomaji, ni jina la mahali. Leo Boga iko katika nchi ya Kongo, mkoa wa Ituri.

Walimu waliomtangulia walishindwa huko. Mtawala wa Boga, chifu Tabaro, aliwakataza watu wasiwape chakula, na njaa ikawaondoa. Apolo aliyajua hayo kabla ya kwenda, lakini alikwenda. Alipofika alishika jembe akalima chakula chake mwenyewe. Mchana analima, na watu wakija anawafundisha kusoma na kuwaeleza habari za Yesu.

Chifu hakupendezwa. Mafundisho ya Apolo yaligusa mambo ya watu wakubwa, kama vile ulevi na kuoa wake wengi. Apolo alipigwa na kuteswa. Lakini aliendelea na kazi yake.

Halafu likatokea jambo baya zaidi. Dada yake chifu aliangukia mkuki uliokuwa umefichika katika majani ya kujengea, akafa. Ilikuwa ajali. Lakini watu walisema Apolo ndiye aliyemwua. Akafungwa, akapelekwa Fort Portal, makao ya serikali ya Waingereza katika Toro, akawekwa kifungoni.

Fikiri kidogo, ndugu msomaji. Mtu amelima mwenyewe, hakula cha mtu, amewafundisha watu bila malipo yao. Sasa anaitwa mwuaji. Wewe ungefanya nini?

Kifungoni

Apolo mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika dhiki ya siku zile alimwona Yesu Kristo katika maono, akimtia moyo na kumwambia kwamba yu pamoja naye. Kwa Apolo jambo hili lilikuwa nguzo ya maisha yake yote.

Baadaye akaachiliwa, kwa kuwa hakuwa na hatia. Mlango wa gereza ukafunguka. Sasa njia zilikuwa mbili. Njia moja ilirudi Buganda, kwao, kwa ndugu zake. Hakuna ambaye angemlaumu. Njia ya pili ilirudi Boga, kwa watu wale wale waliomsingizia.

Apolo alirudi Boga.

Hakurudi kulipa kisasi, wala hakurudi kuwaambia watu, "Mmeona sasa?" Alirudi kwenye jembe lake na wanafunzi wake. Chifu Tabaro aliona ujasiri huo, akabadilika. Yule aliyemtesa mwisho akawa Mkristo yeye mwenyewe, akabatizwa.

Kazi mpaka mwisho

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900, akawa padri mwaka 1903. Kanisa lilimtuma pia sehemu nyingine za Toro, lakini Boga haikumtoka moyoni, na huko ndiko alikomalizia maisha yake. Mkewe alikufa mapema, naye hakuoa tena. Mwaka 1921, akiwa amekwisha kuwa mtu mzima, alianza kuingia katika msitu mkubwa wa Ituri kuwafundisha Wambuti. Hao ni watu wafupi wa msituni, ambao majirani zao wengi waliwadharau. Yeye alikaa nao na kuwafundisha kama watu wengine.

Alikufa huko Boga tarehe 30 Mei, 1933. Kabla ya kufa aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi. Alitaka watu wajue kwamba kazi ya upande ule haijakwisha.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tabia inaweza kubadilika. Mvuta bangi alikuwa mwalimu. Basi, ule usemi wa wazee tuusikilize kama onyo kwamba tabia ni ngumu kuacha. Tusiufanye kisingizio cha kukata tamaa juu yetu wenyewe au juu ya watoto wetu.

Pili, tabia imara haiji siku moja. Mtume Paulo anaieleza kama ngazi katika Warumi, sura ya 5, mstari wa 3 na wa 4. Taabu humfundisha mtu kuvumilia. Aliyezoea kuvumilia huwa imara, na aliye imara hupata tumaini. Apolo hakuupata ujasiri wake mlangoni pa gereza. Alikuwa ameujenga kila siku, kwa sala, kwa kusoma, na kwa jembe. Mkulima anajua jambo hili. Mti hautoi mizizi siku ya dhoruba. Dhoruba inakuta mizizi iko au haiko.

Tatu, imani ilimpa Apolo kitu cha kushika ambacho watu hawakuweza kumnyang'anya. Mtu akitegemea sifa za majirani tu, siku wakimtazama vibaya anaanguka. Apolo aliamini kwamba Mungu anaijua kweli hata kama Boga nzima haiijui. Kwa hiyo aliweza kukaa kati ya watu waliomshuku bila kuwachukia.

Nne, tusichanganye uvumilivu na kunyamazia uonevu. Shauri la Apolo lilitazamwa, na ikaonekana hana hatia. Mtu akisingiziwa ana haki ya kusikilizwa, na anayemshitaki mwenzake sharti alete ushahidi. Kuguna si ushahidi. Kutazamana si ushahidi. Na sisi tuliomkosea yule mama tulijifunza jambo jingine: tulimwuliza mbele za watu, lakini radhi tulikwenda kuiomba faraghani, nyumbani kwake. Hiyo haikuwa haki.

Mama alirudi?

Wiki iliyofuata tulisimama mbele ya darasa zima. Tuliandika ubaoni namba mbili, 68,000 na 86,000, tukaeleza kosa lilivyotokea. Tukasema wazi kwamba sisi walimu tulilikagua daftari bila kuliona kosa, na kwamba mama hakuchukua hata senti. Halafu tukasoma habari za Apolo.

Mzee mmoja Mwislamu akanyosha mkono. Akasema, "Hata sisi tunaye Nabii Yusufu. Alitiwa kifungoni bila kosa, na ndugu zake waliomtupa kisimani akaja kuwasamehe." Tulifurahi, maana habari za Yusufu zimo katika Biblia na katika Kurani pia. Somo hili linahusu imani ya Kikristo, lakini kila mtu anaweza kulipima kwa imani yake.

Habari hizi zilimfikia mama nyumbani. Wiki moja ikapita, hakuja. Ya pili, hakuja. Wiki ya tatu, tulipokuwa tunaanza kuita majina, akaingia. Alikaa mahali pake pa zamani. Watu wote wakasimama kumwamkia. Tulimwomba achukue tena ufunguo wa sanduku. Akakataa. "Nimekuja kusoma," alisema. "Sanduku shikeni wenyewe kwanza. Na ninyi mwone uzito wake."

Hatukumlazimisha. Kusamehe ni kitu kimoja, na kuaminiana tena ni kitu kingine, kinataka muda. Lakini yule mama amerudi, na hilo peke yake limetufundisha kuliko vitabu vyetu.

Ndugu msomaji, labda na wewe kuna mahali ulipoacha kwenda kwa sababu ya maneno ya watu. Au labda kuna mtu aliyeacha kuja kwa sababu ya maneno yako. Lifikirie jambo hilo leo, kabla hujalala.

Maneno ya kukumbuka

Kusingizia: kusema mtu ametenda kosa ambalo hakulitenda.
Stakabadhi: karatasi inayoonyesha kwamba fedha zimepokelewa.
Kunakili: kuandika tena maneno au namba zilizoandikwa mahali pengine.
Dhiki: taabu kubwa, shida.
Radhi: msamaha unaoomba kwa mtu uliyemkosea.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini watu wa Boga walimshitaki Apolo?
2. Apolo alifika Boga mwaka 1896, akafa mwaka 1933. Hiyo ni miaka mingapi?
3. Je, unakubali kwamba tabia haina dawa? Toa mfano kutoka kijijini kwenu, bila kutaja jina la mtu.
4. Fedha za kikundi zikipungua, ni hatua gani zichukuliwe kabla ya kumshuku mtu?
5. Mama alifanya vizuri kukataa ufunguo? Kwa nini?

Zoezi la kuandika

Andika barua fupi, mistari mitano au sita, kwa mtu uliyemkosea. Anza na salamu. Taja kosa lako waziwazi. Usiweke neno "lakini" ndani yake. Ukimaliza, amua mwenyewe kama utaipeleka.