Kura za Mji Mdogo: Matokeo Yanatufundisha Nini?

Katika pwani ya Lindi na Kilwa si ajabu kusikia mtu akisema kwamba mji fulani ni wa chama fulani. Kauli hiyo ni nyepesi kinywani, lakini athari zake ni nzito. Mahali padogo kama Mitwero, pembeni mwa mji wa Lindi, pakishapewa jina la chama, mgombea wa chama kingine huweza kuona hapana haja ya kufika kusikiliza shida za wenyeji. Na mwenyeji mwenye maoni tofauti huonekana mgeni kwao. Kwa hiyo yafaa tuulize: hesabu ya kura inaweza kutuambia nini juu ya mwelekeo wa kisiasa wa watu wa mji mdogo, na ni jambo gani haiwezi kutuambia?

Kiti si sawa na kura

Katika uchaguzi wa wabunge wa majimbo nchini Tanzania, mshindi ni yule aliyepata kura nyingi kuliko kila mmoja wa wenzake; si lazima apate zaidi ya nusu. Tuchukulie jimbo la kubuni lenye kura halali 1,000. Mgombea wa kwanza amepata kura 420, wa pili 400 na wa tatu 180. Jimbo litaitwa la yule wa kwanza, ingawa watu 580 hawakumchagua. Katika uchaguzi unaofuata, watu 11 tu wakimwacha wa kwanza na kumpa kura wa pili, hesabu itakuwa 409 kwa 411, na kiti kitahama. Watu 989 hawakubadili lolote, hata hivyo itasemwa kwamba jimbo limegeuka.

Tukiwa na mfano huo akilini, tuitazame pwani yenyewe. Mwaka 2010 jimbo la Lindi Mjini lilimchagua Salum Barwany wa CUF, mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda kiti cha ubunge wa jimbo nchini. Mwaka huo huo Kilwa Kusini ilimchagua Selemani Bungara wa chama hicho hicho. Mwaka 2015 Lindi Mjini ilirudi mikononi mwa CCM, ilhali Mchinga na majimbo yote mawili ya Kilwa yalikwenda CUF. Mwaka 2020 CCM ilitangazwa mshindi katika majimbo yote ya Mkoa wa Lindi, na vyama vikuu vya upinzani viliyapinga matokeo ya uchaguzi huo. Je, ina maana kwamba nyoyo za watu wa pwani ziligeuka na kugeuka tena ndani ya miaka 10? Orodha ya viti peke yake haitoshi kujibu.

Ni nani aliyepiga kura, na alichagua kati ya nani?

Hapana budi kwanza kuwahesabu waliobaki nyumbani. Mwaka 2010, kwa nchi nzima, waliopiga kura hawakufika 43 katika kila 100 walioandikishwa. Mwaka 2015 walikuwa kama 67. Kundi lililojitokeza likibadilika kiasi hicho, matokeo yanaweza kubadilika bila mtu hata mmoja kubadili maoni.

Pili, mpiga kura huchagua kati ya wale tu aliowekewa mbele yake. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, katika majimbo mengi wagombea wawili wa TANU walishindana, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa. Kura ile ilimpima mtu, haikupima chama. Mwaka 2015 vyama vinne vya UKAWA vilikubaliana kuachiana majimbo. Na mwaka 2025 CHADEMA hakikuwamo katika uchaguzi kabisa. Miaka hiyo haiwezi kulinganishwa kana kwamba swali aliloulizwa mpiga kura lilikuwa moja.

Kosa la kumpima mtu kwa kundi lake

Sasa tuje kwenye kosa linalowanasa hata wataalamu. Tubuni vituo viwili vya kura, kila kimoja na watu 500. Cha kwanza kina wavuvi 300 na wakulima 200. Chama X kimepata kura 260. Cha pili kina wavuvi 100 na wakulima 400. Chama X kimepata 180. Mwenye haraka atasema: palipo na wavuvi wengi, X hupata zaidi, basi wavuvi ndio wafuasi wa X.

Lakini huenda ndani ya masanduku mambo yalikuwa hivi. Katika kituo cha kwanza X kilichaguliwa na wavuvi 120 kati ya 300, yaani 40 katika kila 100, na wakulima 140 kati ya 200, yaani 70 katika kila 100. Katika kituo cha pili kilichaguliwa na wavuvi 20 kati ya 100, na wakulima 160 kati ya 400, yaani 40 katika kila 100. Jumla ni zile zile, 260 na 180. Lakini katika kila kituo ni wakulima waliokipenda X zaidi! Mwanasosholojia wa Marekani, W. S. Robinson, alilieleza tatizo hili mwaka 1950. Alionyesha kwamba majimbo ya nchi yake yenye wahamiaji wengi yalikuwa na watu wengi wanaojua kusoma, ingawa mhamiaji mmoja mmoja aghalabu alikuwa nyuma ya wazaliwa kwa elimu hiyo.

Kwa kuwa kura ni siri, hakuna awezaye kufungua sanduku na kujua ni ya mvuvi au ya mkulima. Mtafiti mwangalifu hulinganisha matokeo ya vituo, si ya jimbo tu, kwa chaguzi kadhaa. Huangalia idadi ya waliojitokeza. Kisha huwauliza watu kwa hiari yao, bila kuandika majina.

Zoezi

Ndugu msomaji, chukua matokeo ya ubunge ya jimbo lako. Gawa kura za mshindi kwa idadi ya wote walioandikishwa, si kwa kura halali peke yake. Jibu utakalopata lilinganishe na jina la chama ambalo watu wameupa mji wako.